Mita hamsini za maji: jinsi manowari inavyojazwa mafuta bila kusimama

Mzinga mmoja wa manowari ya Kijerumani Königsberg upo hadi leo Fort Jesus, Mombasa. Anayeutazama huambiwa kwamba meli ile iliangamizwa na Waingereza ndani ya delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915. Ni kweli, lakini mizinga ya manowari zao Severn na Mersey ilikuja kumalizia tu. Kilichoanza kuiua meli ile ni makaa.

Iliondoka Dar es Salaam tarehe 31 Julai 1914, vita ikiwa inabisha hodi. Tarehe 6 Agosti iliikamata meli ya Kiingereza City of Winchester ikachota makaa yake, nayo yalikuwa makaa duni. Waingereza nao walikwisha kununua akiba ya makaa ya Afrika ya Mashariki ya Kireno (Msumbiji ya leo) ili Mjerumani asipate hata gunia. Ikabaki kutegemea meli moja ya ugavi, Somali. Tarehe 20 Septemba Königsberg iliizamisha manowari ya Kiingereza Pegasus hapo Unguja, ikarudi kujificha kwenye mikoko. Novemba Somali ikaunguzwa na makombora ya manowari ya Kiingereza Chatham. Aprili 1915 meli Rubens, iliyojivika jina la Kidenmaki la Kronborg, ilifika karibu na Tanga na tani 1,600 za makaa, lakini manowari ya Kiingereza Hyacinth ikaiwahi kwenye ghuba ya Manza. Makaa yale hayakufika Rufiji. Manowari yenye mizinga mikuu kumi na mabaharia zaidi ya 300 ikabaki mtoni kama mtumbwi uliovuliwa makasia.

Tatizo hilo ndilo lililozaa meli ambazo wapenzi wengi wa manowari hawazitazami mara mbili: meli za ugavi zinazoijaza manowari mafuta, chakula na risasi katikati ya bahari, zote mbili zikiwa mwendoni. Nataka kueleza kazi hiyo inavyofanyika, kifaa kwa kifaa, kwa sababu maelezo mengi huishia kwenye picha nzuri ya meli mbili sambamba. Picha haionyeshi kwamba karibu kila kamba, ndoano na kifungo pale kimebuniwa kwa kuuliza swali moja kwanza: kitaachiwaje?

Enzi ya makaa kazi hii karibu ilishindikana. Mwaka 1899 Wamarekani walijaribu kupitisha magunia kwa waya kutoka meli ya makaa Marcellus hadi manowari Massachusetts, na kiasi kilichopita kwa saa kilikuwa kidogo mno kwa meli yenye njaa ile. Mafuta ndiyo yaliyofungua mlango, kwa kuwa mafuta husukumwa kwa pampu. Tarehe 28 Mei 1917 meli ya mafuta Maumee ilianza kuwajaza waharibifu (manowari nyepesi zenye kasi) wa Kimarekani waliokuwa wakivuka Atlantiki kwenda Queenstown, Ayalandi. Mmoja wa maofisa waliobuni utaratibu wake alikuwa mhandisi wa meli hiyo, Chester Nimitz, yule yule aliyekuja kuongoza vita ya Pasifiki. Waingereza kwa miaka mingi waliendelea na njia ya nyuma: meli ya mafuta inatangulia, inaburuta mpira majini, manowari inaufuata na kuuokota kwa omo, yaani sehemu yake ya mbele. Ni njia salama zaidi kwa mgongano, na bado inatumika pale meli ya mafuta ni ya kawaida isiyo na milingoti ya kazi hii. Lakini inapitisha mpira mmoja, mafuta yanakwenda polepole, na huwezi kupitisha kombora wala gunia la mchele. Walipofika Pasifiki mwaka 1945, mwendo wa vita uliwalazimisha Waingereza kuhamia kwenye njia ya ubavuni. Tangu hapo ubavuni ndiko kwenyewe.

Sasa twende kwenye kazi.

Meli ya ugavi ndiyo huwa kigezo. Inachagua mwelekeo na kasi, kisha haigusi chochote. Kasi ya kawaida ni noti 12 hadi 16, yaani maili 12 hadi 16 za baharini kwa saa, na wengi hupenda 13. Ukienda polepole zaidi usukani unakuwa mzito kuitika, kwa sababu maji yanayopita kwenye bawa lake hayana nguvu. Ukienda kasi zaidi, mvuto kati ya meli mbili unaongezeka na muda wa kurekebisha kosa unapungua. Kwa noti 13, saa mbili za kujaza zinazipeleka meli kama kilomita 48, zaidi ya nusu ya njia kutoka Dar es Salaam hadi Unguja. Kwa hiyo kabla ya yote mtu wa ramani anatafuta ukanda mrefu wa bahari usio na mwamba, wavuvi wala njia ya meli za biashara.

Mwelekeo wenyewe unaamuliwa na mawimbi kuliko upepo. Bahari ikija kutoka mbele, au kidogo pembeni mwa omo, meli hupanda na kushuka lakini hushika njia. Bahari ikija kutoka nyuma, tezi, yaani sehemu ya nyuma ya meli, linasukumwa huku na huku na mshika usukani anachoka mapema. Ikija kutoka ubavuni, meli mbili zinayumba kwa nyakati tofauti, na waya uliopo kati yao unakazwa na kulegezwa kwa nguvu. Kusi linapovuma Juni hadi Septemba nje ya pwani ya Somalia, suala hili peke yake laweza kuahirisha kazi siku nzima.

Manowari inasubiri nyuma ya meli ya ugavi, mita 300 hadi 500, kidogo pembeni. Meli ya ugavi inapandisha bendera ya herufi R nusu ya kamba upande utakaotumika: najiandaa. Ikipandishwa hadi juu kabisa: niko tayari, njoo. Manowari inaongeza kasi noti tatu hadi tano juu ya ile ya mwenzake na kuanza kupita ubavuni, kisha inapunguza ili ikifika sambamba kasi zilingane. Kupunguza mapema mno kunakuacha nyuma, kwenye maji mabaya. Kuchelewa kunakupitisha mbele na kukulazimisha uanze upya.

Maji hayo mabaya yanahitaji kuelewa. Meli inayokwenda inasukuma maji: kwenye omo na kwenye tezi shinikizo ni kubwa, katikati ya ubavu ni dogo. Omo lako linapofika usawa wa tezi la mwenzako, linasukumwa nje. Dakika moja baadaye, likifika katikati ya ubavu wake, linavutwa ndani. Mshika usukani asiyejua anajibu msukumo wa kwanza kwa kugeuza kuelekea ndani, na wakati huo huo mvuto unakuja kumuunga mkono. Migongano mingi ya wakati wa kukaribia huanzia hapo. Zikiwa sambamba kabisa, maji yanapita kwa kasi kwenye mkondo mwembamba kati yao na meli zote mbili zinavutana muda wote, kwa hiyo usukani hushikwa na pembe ndogo ya kupinga mvuto huo.

Umbali unaotakiwa ni kati ya mita 25 na 60, na kwa mharibifu wengi hukaa karibu na 45 au 50. Nifanye hesabu, maana hesabu hii ndiyo inayoonyesha kwa nini amri za usukani hutolewa kwa digrii moja moja, au hata nusu. Kwa noti 13 meli inakwenda karibu mita 6.7 kwa sekunde. Ukipotoka digrii 1 kuelekea kwa mwenzako, pengo linapungua mita 7 kila dakika. Ukipotoka digrii 5, ni mita 35 kwa dakika. Pengo la mita 50 limekwisha kabla hujamaliza kumwuliza mhandisi kuna nini. Kwa kasi nako ni hivyo hivyo: tofauti ya nusu noti inakusogeza mbele au nyuma mita 15 kwa dakika, na waya uliokuwa umenyooka unaanza kuvutwa mshazari. Ndiyo maana kasi hurekebishwa kwa mzunguko mmoja au miwili ya rafadha, yaani panga linaloisukuma meli, na mtu anayepewa usukani ni yule bora kuliko wote melini, bila kujali cheo chake. Anapumzishwa kabla hajachoka. Mbadilishano wenyewe haufanyiki wakati meli inarekebisha njia.

Kamba ya kwanza kuvuka ni nyembamba kama ya mshipi. Hurushwa kwa bunduki yenye kichwa maalumu au kwa mkono ikiwa na kizito mwishoni. Kabla ya kurusha, kipenga hupigwa mara moja. Upande wa pili hujibu mara mbili baada ya kila mtu kujificha nyuma ya kitu kigumu. Wapo waliokwisha kuumizwa na kile kichwa, maana kwa mita 50 hakijapoteza nguvu. Kamba nyembamba inavuta kamba nene kidogo, ile inavuta nene zaidi, hadi mwisho unakuja waya.

Pamoja nazo huvuka kamba ya umbali, ambayo kwangu ndiyo kifaa kizuri kuliko vyote kwa usahili wake. Ina vibendera kila futi 20, kama mita 6, kwa mfuatano wa rangi usiobadilika: kijani, nyekundu, njano, bluu, nyeupe, kisha kijani tena kwenye futi 100. Nahodha hahitaji mtambo wowote. Anatazama ni rangi gani iko kwenye ukingo wa meli. Usiku vibendera huongezewa taa ndogo. Ndani ya kamba hiyo mna simu isiyotumia betri, sauti ya msemaji yenyewe ndiyo inayozalisha umeme wake, kwa hiyo haitoi cheche na haizimiki mitambo ikizimika. Kamba hii haifungwi popote. Inashikwa kwa mikono muda wote, mbele karibu na omo, na wanaoishika wanaambiwa waziwazi kwamba ikivutwa ghafla waiachie. Anayeifunga kwenye nguzo ili apumzishe mikono anatengeneza kiboko kitakachompiga.

Watu wa sitahani hutambulikana kwa rangi za helmeti. Kwa Wamarekani nyekundu ni warushaji wa kamba, bluu ni wavuta kamba, kahawia ni waendesha winchi (mashine za kuvuta kamba na waya), kijani ni wapiga ishara na wasemaji wa simu, na njano ni serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, anayesimamia kituo. Pete zote huvuliwa vidoleni. Hakuna anayesimama ndani ya mkunjo wa kamba, wala kwenye mstari wa waya uliokazwa.

Waya mkuu una unene wa milimita 19. Mwisho wake unafungwa kwenye manowari kwa ndoano ya kufyatuka: ukigonga pingu yake kwa nyundo, mdomo unafunguka hata kama kuna uzito juu yake. Upande wa meli ya ugavi waya unapita kwenye makapi ya kikazio, pistoni kubwa inayosukumwa na hewa iliyobanwa. Meli zikiyumba kuachana, pistoni inabonyea na kutoa waya. Zikikaribiana inanyanyuka na kuumeza. Bila kikazio, kila wimbi lingekuwa jaribio la kuukata waya. Uzuri mwingine umefichwa kwenye pipa la winchi: ncha ya mwisho ya waya imeshikwa kwa kibanio kimoja tu, dhaifu kwa makusudi. Mambo yakiharibika kabisa na winchi ikaishiwa, waya unang'oka wenyewe na kuzama, badala ya kung'oa mlingoti.

Chini ya waya huo mpira wa mafuta unaning'inia kwenye vitoroli kwa mikunjo, kama nguo kwenye kamba. Una kipenyo cha ndani cha inchi 7, karibu sentimita 18, na urefu wote hufika takriban mita 90. Mwishoni pana kichwa dume kinachoteleza kwenye waya hadi kuingia kwenye mdomo jike uliofungwa kwenye manowari. Kikiingia sawasawa kinajifunga, na vijiti viwili vya alama pembeni vinanyanyuka. Hapa kuna kosa la haraka ambalo hurudiwa: kichwa kinagonga, sauti inasikika, watu wanashangilia, lakini vijiti havijanyanyuka au kimenyanyuka kimoja. Hicho hakijafunga. Kinarudishwa nyuma kwa winchi na kusukumwa tena. Ukianza kusukuma mafuta kwenye kichwa kilichofunga nusu, kitaruka na mafuta yataogesha sitaha nzima. Baada ya kufunga, kamba ya kushikilia hukazwa ili uzito wa mpira usikalie kichwa.

Mafuta ni ya aina mbili hasa. Dizeli ya meli, na mafuta ya ndege aina ya JP-5, ambayo hayashiki moto kwa urahisi chini ya nyuzi 60 za Selsiasi. Ndiyo sababu yanaruhusiwa ndani ya manowari yenye ndege. Hata manowari ya kubeba ndege inayotumia nguvu za nyuklia huja kuchukua JP-5, maana kinu hakirushi ndege, na hakilishi watu 5,000. Kwa kuwa mnara wake uko kulia, meli ya aina hiyo hukaa kushoto kwa meli ya ugavi, ubavu wake wa kulia ukielekea huko. Upande wa pili hubaki wazi kwa mharibifu kujaza wakati huo huo.

Pampu huanza polepole. Dakika za kwanza ni za kukagua viungo na kuchukua sampuli kwenye chupa safi: mafuta yawe angavu, bila ukungu, bila punje chini. Ukungu maana yake ni maji. Maji ya bahari yakifika kwenye injini ya tabo, ile yenye mapanga yanayozungushwa na gesi ya moto, hula mapanga hayo kwa chumvi, na hasara hiyo haionekani siku hiyo. Sampuli ikikataa, pampu inazimwa, bila majadiliano. Ikikubali, mwendo unapandishwa hadi kufikia karibu lita 11,000 kwa dakika kwa mpira mmoja. Mharibifu wa Kimarekani wa daraja la Arleigh Burke hubeba karibu lita milioni 1.9. Kwa makaratasi nusu ya hizo zingepita kwa saa moja na nusu. Kwa kweli huchukua zaidi, na kikwazo kipo upande wa anayepokea. Matangi ya mharibifu huyo hujazwa maji ya bahari kadiri mafuta yanavyotumika, ili meli isiyumbe kwa wepesi. Mafuta mapya yakiingia yanayasukuma maji nje. Ukijaza haraka mno mafuta na maji yanavurugika pale yanapokutana, na kinachotoka ubavuni si maji tena.

Umwagikaji mwingine hutokea wakati wa kubadilisha tangi. Valvu ya tangi lililojaa inafungwa kabla ya ile ya tangi linalofuata kufunguka, shinikizo linapanda kwa sekunde chache, na mafuta yanatafuta njia kwenye bomba la hewa. Utaratibu ni kufungua la pili kwanza, kisha kufunga la kwanza, na kumwambia mwenye pampu apunguze mapema, siyo tangi linapofika asilimia 95.

Muda wote huu bendera nyekundu ya herufi B inapepea kwenye meli zote mbili, maana yake mafuta au risasi vinapita. Nyuma kidogo hukaa meli nyingine au helikopta ya kuokoa atakayeanguka majini, kwa sababu meli mbili zilizounganishwa haziwezi kugeuka kumfuata mtu.

Sasa kuachana. Kwa kawaida pampu inazimwa, mpira unapulizwa kwa hewa ili mafuta yaliyobaki yasidondoke, kichwa kinafunguliwa, mpira unarudishwa, waya unalegezwa, ndoano inafyatuliwa, na kamba ya umbali inarudi mwisho. Kwenye meli za Kimarekani ni desturi kupiga wimbo kwa vipaza sauti manowari inapoondoka, kila meli na wimbo wake.

Kuachana kwa dharura ni hatua zile zile, zimebanwa ndani ya dakika moja hivi. Usukani ukifa, dira ikipotea, mtu akianguka, adui akionekana, honi hupigwa mara tano fupi au zaidi, na simu na ishara za mkono zinarudia. Pampu inazimwa. Mpira unavutwa nyuma. Waya unalegezwa, halafu ndoano inafyatuliwa. Mpangilio huo ndio roho ya kazi: waya ukifyatuliwa kabla ya kulegezwa, mwisho wake unarudi sitahani kama nyoka mwenye uzito wa chuma. Na waya uliokazwa haukatwi kamwe. Kosa la pili liko kwenye usukani. Nahodha mwenye hofu anazungusha usukani mwingi kwenda nje, omo linatoka vizuri, lakini meli huzungukia mhimili ulio karibu na mbele, kwa hiyo tezi linabamizwa kwa mwenzake. Anayejua huongeza kasi kiasi na kutoka kwa digrii chache tu, huku anatazama tezi lake mwenyewe.

Mifano ya makosa ipo, tena kwa meli zenye watu waliozoea. Tarehe 16 Mei 2012, nje ya California, manowari ya Kimarekani Essex iligongana na meli ya mafuta Yukon wakati ikikaribia, baada ya hitilafu ya usukani. Hakuna aliyeumia. Februari 2019 manowari Leyte Gulf na meli ya ugavi Robert E. Peary ziligusana tezi kwa tezi, mashariki mwa Marekani, kazi ikiendelea. Msiba mkubwa kuliko yote, hata hivyo, haukuwa mgongano. Desemba 1944 kikosi cha admirali wa Kimarekani Halsey, mashariki mwa Ufilipino, kilihitaji mafuta huku tufani ikijengeka. Tarehe 17 mipira ilikatika mmoja baada ya mwingine. Spence, mmoja wa waharibifu, ilijaribu kupokea mafuta ubavuni kwa manowari kubwa New Jersey ikashindwa. Waharibifu wengine hawakutaka kujaza maji ya bahari kwenye matangi matupu, kwa sababu maji hayo yangelazimika kutolewa kabla ya kupokea mafuta, na kila saa walitumaini kupokea. Meli nyepesi juu ya bahari ile haisimami. Tarehe 18 Spence, Hull na Monaghan zilipinduka na kuzama, na jumla ya watu waliokufa kikosini ni karibu 790. Kila ninapoona mtu anaandika kwamba meli za mafuta ni kazi ya nyuma ya vita, namkumbuka baharia wa Spence aliyengoja mpira uliokatika.

Kuhusu mizigo mikavu sitakaa sana. Paleti huvuka kwa waya kama mpira, kwa kawaida hadi tani 2 kwa safari. Waingereza wametengeneza mtambo wa tani 5 kwa ajili ya meli zao mpya za kubeba ndege. Helikopta huchukua zilizobaki kwa nyavu. Mambo mawili huwaumiza watu hapo. Helikopta hukusanya umeme tuli hewani, kwa hiyo ndoano yake huguswa kwanza kwa fimbo iliyounganishwa na sitaha, siyo kwa mkono. Na karatasi ya nailoni inayofungiwa paleti isipobanwa vizuri, upepo wa mapanga huichana na kuivuta kwenye injini.

Bahari yetu imeziona meli hizi kwa karibu tangu manowari za kuzuia uharamia zilipomiminika Ghuba ya Aden. China ilipotuma msafara wake wa kwanza Desemba 2008, meli mbili kati ya tatu zilikuwa waharibifu na ya tatu ilikuwa Weishanhu, meli ya ugavi. Bila hiyo wale wawili wangeshinda bandarini wakiomba mafuta. Maharamia wa Kisomali nao walizikosea zaidi ya mara moja, kwa umbo: pana, zilizojaa, zinafanana na tanka la biashara. Tarehe 29 Machi 2009 walishambulia Spessart ya Ujerumani. Oktoba mwaka huo huo wakaifyatulia risasi La Somme ya Ufaransa, usiku. Januari 2012 wakaiendea Patiño ya Hispania. Mara zote hizo tatu washambuliaji waliishia kukamatwa.

Lakini adui wa kweli wa meli hizi ni uchache wao. Septemba 2024 meli ya mafuta Big Horn, iliyokuwa ikihudumia kikosi cha manowari ya Kimarekani ya kubeba ndege Abraham Lincoln, iliharibika nje ya pwani ya Oman baada ya kugonga chini. Maji yaliingia chumba cha mitambo na usukani ukaumia. Watu walikuwa salama na mafuta hayakumwagika. Kikosi kizima, chenye ndege za mapigano na makombora, kikaanza kutafuta nani atakayekiletea mafuta. Jibu la wanamaji wa Marekani kwa upungufu huu, ambalo wamelizoea kwa miaka kadhaa sasa, ni tanka la kukodi: halina kikazio wala mlingoti wa kujaza manowari, lakini likiongezewa vifaa vichache linaweza kupokea waya na mpira kutoka kwenye meli ya ugavi na kuisukumia mafuta. Kwa hiyo meli ya ugavi haihitaji kurudi bandarini. Hukaa ubavuni mwa tanka usiku, inajazwa, na asubuhi inapandisha bendera ya R nusu ya kamba kumngoja mharibifu wa kwanza.